Umekwama ndani ya Vim? Majibu kwa wasomaji

Maswali ya safari hii yote yanahusu Vim, programu ya kuhariri maandishi kwa amri, bila kipanya.

Swali: Nimefungua faili la mipangilio ya seva kwa Vim, sasa sijui pa kutokea. Nimeshabonyeza kila kitufe.

Jibu: Bonyeza Esc, hata ukirudia mara tatu haidhuru. Kisha andika :q! upige Enter. Utatoka na faili litabaki kama lilivyokuwa. Usitumie :wq hapo, maana huhifadhi kwanza, na herufi zote ulizozigusa kwa wasiwasi zitaingia kwenye mipangilio. Herufi moja iliyozidi yatosha seva kugoma kuwaka.

Swali: Intaneti ilikatika nikihariri orodha ya bei kwenye seva ya mbali. Nilipofungua tena bei.txt, Vim ikatoa onyo refu kuhusu faili la .swp. Nilifute niendelee na kazi?

Jibu: Usilifute, dada; kazi yako imo humo! Unapohariri, Vim huweka pembeni faili la akiba, lako linaitwa .bei.txt.swp, na huliongezea kila unapofikisha herufi 200 au ukitulia sekunde 4. Kwa hiyo mtandao ukikatika, kinachopotea ni maneno machache mno. Kwenye onyo hilo bonyeza R, kurejesha kazi. Pitia mistari ya mwisho uliyoandika, hifadhi kwa :w, kisha toka. Fungua tena bei.txt; onyo likirudi, sasa ndipo ubonyeze D, kulifuta faili la akiba. Ukiitanguliza D, basi. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliitanguliza, na kazi ya jioni nzima ikaenda. Onyo likisema programu bado inaendelea, huenda faili liko wazi kwenye dirisha jingine: bonyeza Q, ukalitafute.

Swali: Nimebonyeza Ctrl na S ili nihifadhi, skrini imeganda.

Jibu: Bonyeza Ctrl na Q, itaendelea.

Swali: Nabadilije "embe" kuwa "maembe" kwenye faili zima?

Jibu: Wengi huandika :%s/embe/maembe/g, na hapo "pembejeo" hugeuka "pmaembejeo", na "maembe" yaliyokuwapo huwa "mamaembe". Andika :%s/\<embe\>/maembe/gc. Alama zile mbili zinataka neno kamili, na c huifanya Vim ikuulize kila mahali: y kukubali, n kuruka. Ukikosea, bonyeza Esc kisha u.

Swali: Kwa nini Vim ikifunguka huleta ujumbe wa kuwasaidia watoto wa Uganda?

Jibu: Nafurahi umeuona. Mtunzi wake, Bram Moolenaar wa Uholanzi, alitoa Vim mwaka 1991. Mwaka 1994 alijitolea kufanya kazi kwenye kituo cha watoto huko Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Vim ni ya bure. Aliomba tu kwamba anayeipenda awachangie watoto wale. Alifariki 2023. Andika :help uganda, usome maelezo yenyewe.