Maswali ya Injini: Feni ya Chuma, Visulisuli na Moto Mvivu

Fundi, kuna kifeni cha chuma cha kuchomeka kwenye bomba la hewa. Muuzaji anasema kinazungusha hewa na kupunguza ulaji wa mafuta. Niweke?

Usiweke. Hili ni swali la nne la aina hii mwezi huu, na hela ni zile zile zinapotea.

Lakini si wewe uliyesema hewa ikizunguka moto unakwenda mbio?

Nilisema, na sijabadilika. Chukua mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa iliyotulia, nje ya injini, uwashe. Uso wa moto hula mchanganyiko huo kwa kasi isiyofika hata nusu mita kwa sekunde. Mzee wa mkongojo anaupita. Sasa injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja ni sehemu ya mia ya sekunde. Joto na msukumo wa gesi iliyokwisha kuungua vinasaidia, ila havitoshi. Kinachookoa ni visulisuli vidogo ndani ya silinda: vinaukunjakunja uso wa moto kama khanga iliyofinyangwa mkononi, eneo linalowaka linakuwa kubwa, na mafuta mengi yanaungua kwa mara moja. Mwanakemia Mjerumani Gerhard Damköhler aliyaeleza haya mwaka 1940. Kabla yake Dugald Clerk, mhandisi Mskoti, aliiacha injini ibane mchanganyiko ule ule mara kadhaa bila cheche mpaka hewa ikatulia, kisha akawasha. Moto ukawa mvivu, ukaungua polepole. Uzuri wake, injini ikikimbia visulisuli navyo vinakazana, kwa hiyo moto hauachwi nyuma.

Kifeni chako sasa. Hewa uliyoizungusha kwenye bomba inakwenda kujibamiza kwenye kipepeo cha hewa (kile kibao kinachofungua na kufunga njia ya hewa) na valvu, mzunguko unafia hapo. Umbo la njia ya kuingilia na kichwa cha pistoni ndivyo vyenye kazi, na waliovichora walikwisha kuvichora. Ulichonunua ni kizibo.

Basi kisulisuli kikali zaidi ndiyo bora?

Puliza mshumaa uone. Uso wa moto ukivutwa kupita kiasi, joto linatoroka kabla mafuta hayajaungua, na moto unazimika. Mchanganyiko wenye mafuta machache ndio huzimika upesi.

Petroli ya oktani ya juu inaungua haraka zaidi?

Hapana! Oktani ni uvumilivu wa kubanwa bila kujiwasha. Kama pikipiki yako haigongi kwa petroli ya kawaida, yaani petroli haijiwashi yenyewe ndani ya silinda, unamchangia mwenye kituo.

Dizeli je?

Kule mzunguko wa hewa kazi yake kubwa ni kuchanganya mafuta na hewa.

Mtungi wa gesi ulivuja kwa jirani. Sebule tupu ilinusurika, stoo iliyojaa vitu ikabomoka. Kwa nini?

Pole zao. Stoo ni ndogo na imefungwa, hilo lina sehemu yake. Lakini moto ukipita kati ya makreti na magunia, kila kizuizi kinaacha visulisuli nyuma yake. Uso wa moto unakunjika, unakwenda kasi, unasukuma gesi ya mbele kwa nguvu zaidi, visulisuli vinaongezeka. Desemba 2005, kwenye ghala la mafuta la Buncefield, Uingereza, mvuke wa petroli ulisambaa nje, na moto ulichochewa na miti na vichaka hadi ukawa mlipuko. Mtungi usikae stoo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujificha humo humo kwenye makreti. Ukiinusa, fungua milango utoke. Swichi usiguse, hata ya kuzimia taa.