Vitasa vya Hiace ya mizigo: anza na kazi ya dereva

Ndugu, umesema umenunua Hiace ya kusambaza vipodozi madukani, na unauliza kama uweke kufuli kubwa la nje au kitasa kinachojifunga chenyewe. Nimefanya kazi hiyo Kariakoo kwa miaka sita na gari la aina hiyohiyo, nami nakushauri uhesabu kwanza mlango unafunguliwa mara ngapi kwa siku.

Mimi nilianza na kufuli. Fundi alinichomelea masikio mawili ya chuma kwenye mlango wa ubavuni, nikanunua kufuli zito ambalo kila aliyeliona alilisifu. Siku moja utingo wangu alibeba katoni mbili kuzipeleka duka la ng'ambo ya barabara, akaurudisha mlango kwa kiwiko, na kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa, kufuli akaliacha wazi kwenye sikio moja. Aliporudi, katoni tatu zilikuwa zimekwenda, na kufuli lilikuwa linaning'inia palepale, halina hata mkwaruzo. Sikumlaumu, kwa maana mtu anayeteremsha mzigo mara arobaini kwa siku hawezi kushika ufunguo mara themanini.

Baada ya hapo mlango wa ubavuni niliuwekea kitasa kinachojifunga mara tu mlango unaporudishwa, ambacho hufunguliwa kwa ufunguo peke yake. Kina usumbufu mmoja: ukisahau ufunguo ndani, umejifungia nje. Kwa hiyo ufunguo wa mizigo niliutenga na wa kuwashia gari, dereva akaufunga kwa mnyororo kwenye mkanda wake, na wa akiba ukabaki ofisini.

Mlango wa nyuma, ambao kwetu hufunguliwa asubuhi na jioni tu, ndio unaofaa kitasa cha komeo la pekee, kinachofungwa kwa ufunguo na kisichotegemea mkono wa mlango wala sentro loki, yaani mfumo wa umeme unaofunga milango yote kwa pamoja. Faida yake ni kwamba mwizi akivunja kioo na kuingiza mkono, hapati kitu cha kuvuta ndani. Ukipata chenye ulimi wa ndoano, chukua hicho, kwa sababu ndoano hulishika bamba la upande wa pili na mlango haubanduki kirahisi kwa mtaimbo.

Usimamie ufungaji mwenyewe. Bati la mlango wa gari ni jembamba, na kitasa cha bei kubwa kilichoshikwa kwa skrubu fupi hung'oka pamoja na skrubu zake. Dai bolti zinazopenya hadi ndani, zikishikwa na bamba la chuma nyuma ya bati. Matundu yapakwe praima, yaani rangi ya awali ya kukinga chuma, kabla kitasa hakijakaa, kwani kwa hewa ya chumvi ya Dar es Salaam kutu huanzia hapo. Fundi afungue pia kava la ndani kwanza aone nyaya na reli za kioo zinapopita. Fundi wangu wa kwanza hakufanya hivyo, akakata waya wa sentro loki.

Jambo la mwisho nakuomba ulizingatie sana kama utingo hupanda nyuma na mzigo. Kitasa kinachojifunga chenyewe lazima kiwe na kifungulio cha ndani. Kabla hujamlipa fundi, ingia nyuma wewe mwenyewe, mwambie aufunge mlango, kisha ujaribu kutoka.