Vipimo viko safi, mbona moyo hautulii?

Juzi dada mmoja wa Igoma kaniandikia: kapima kichocho, taifodi, moyo, kote safi, na usiku bado hapati usingizi. Anauliza apime nini tena. Dada yangu, nakujibu hapa kwa sababu mko wengi mnaoishi na hofu ya ugonjwa.

Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mwenzangu wa biashara alipofariki ghafla kwa presha, na mimi moyo ukaanza kunienda mbio. Nikanunua mashine ya kupimia. Usiku wa manane najifunga mkanda, namba inakuja nzuri, napumua. Kidogo tu najifunga tena, labda mashine imekosea. Nikagusa kitezi shingoni, nikakiminya kutwa mpaka kikauma kweli, na yale maumivu yakawa ndiyo ushahidi wangu wa kansa. Nyumbani wakasema najidekeza. Neno hilo linaniuma hadi leo, maana sikuwa nasingizia: hofu yenyewe hupandisha mapigo, hutoa jasho, hutia ganzi vidoleni.

Daktari mmoja ndiye aliyeniuliza: "Ukipewa majibu mazuri, amani inakaa muda gani?" Kwangu ilikuwa imeshaisha kabla daladala haijafika Kirumba.

Hapo ndipo pa kujitazama. Sisi watu wa ziwani tuna sababu ya kupima, kichocho kipo majini. Ukiona damu kwenye choo, nenda hospitali leo. Lakini anayejihadhari hupima, akikutwa nacho humeza prazikwanteli, anarudi kazini. Mwenye hofu ya ugonjwa hubadilisha maabara, humuuliza mume swali lilelile kila jioni, hukesha akisoma dalili kwenye simu, na wengine hukwepa hata kwenda kumuona mgonjwa. Wataalamu huangalia kama hofu hiyo imedumu miezi 6 au zaidi. Wewe usingoje ifike huko.

Mimi nilitibiwa kwa mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia. Mashine ikahamia kwa wifi yangu. Hamu ya kupima ilipanda, nikatetemeka, nikaendelea kupepeta dagaa, ikashuka yenyewe. Ikapanda tena, ikashuka. Leo nalala usiku kucha, na najivunia.

Kwa hiyo dada, usitafute kipimo kingine. Kusanya majibu yote uliyonayo, mpelekee daktari mmoja, huyohuyo, na umweleze unavyokesha. Hilo la kukesha usimfiche.