Vitabu vya hija ya miguu, nianze na kipi?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni kijana wa Uyole hapa Mbeya, mwaka jana tulitembea siku mbili na kikundi cha kanisani kwenda kuhiji, nikarudi na malengelenge visigino vyote ila hamu ndo kwanza ikazidi. Natafuta vitabu vya watu waliotembea hija ndefu kabisa. Nimeazima kimoja, jamaa mwanzo mpaka mwisho anaongea na nafsi yake, hata viatu hajavitaja! Hamna vingine?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na visigino. Hao wa kuongea na nafsi wamejaa, hasa kwenye ile njia ya Hispania ya kwenda Santiago de Compostela kwa Mtakatifu Yakobo. Wengi wanaanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, ni kama kilomita 780, yaani toka hapo kwenu kwa mguu mpaka uanze kuinusa Dar, na siku ya kwanza tu unapandishwa milima ya Pyrenees, Kitonga cha mtoto.

Mwandishi wa Brazil, Paulo Coelho, aliipita njia hiyo 1986, kitabu chake The Pilgrimage kikatoka mwaka uliofuata, kinasomeka vizuri ila yeye anatafuta upanga na mazoezi ya kiroho, kwa hiyo kama shida yako ni viatu kiache kwanza. Wewe anza na Hape Kerkeling, mchekeshaji wa Ujerumani aliyepita njia hiyohiyo, kitabu chake kwa Kiingereza kinaitwa I'm Off Then. Huyu analalamika magoti, analalamika malazi, na kuna mahali kachoka kapanda basi na anakwambia kabisa kuwa kapanda, mi hapo ndo nilimwamini.

Ila ninachokipenda kuliko vyote ni cha zamani mno, mwongozo wa mahujaji wa njia hiyohiyo wa karne ya 12, uliomo ndani ya Codex Calixtinus, kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono. Mwandishi anasema walifika kwenye mto mmoja huko Navarra, kaskazini mwa Hispania, wakakuta watu wawili wamekaa kando wananoa visu, wakawauliza maji haya farasi wanaweza kunywa, wakajibiwa bila wasiwasi wanywe tu, farasi wawili wakafa palepale na wale jamaa wakaanza kuwachuna ngozi. Matapeli wa njiani hawajaanza jana! (Na chenyewe kitabu kiliibwa kanisani Santiago 2011, mwaka uliofuata kikakutwa kwenye gereji ya fundi umeme aliyewahi kufanya kazi hapohapo.)

Ukimaliza hao mtafute Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa 1331. Hakuwa wa miguu tu, alipanda wanyama, lakini alitoka Tangier 1325 kwenda kuhiji Makka akiwa peke yake, kijana wa miaka 21, homa ikambana njiani akajifunga kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba asije akadondoka. Alipofika Tunis wenzake wote aliokutana nao njiani wakapokewa na watu wao, yeye hakuna hata wa kumsalimia, akalia.

Kiingereza kikikusumbua anza na huyo mchekeshaji, lugha yake nyepesi. Na safari ijayo vaa soksi mbilimbili mwanangu.