Nyuki mkubwa kama kiganja

SWALI: Wahariri, salaam. Nina wanafunzi 62 wa Darasa la Tatu na nakala 4 za kitabu cha picha kuhusu nyuki. Nikivigawa, watoto wanavigombania, wanafunua harakaharaka hadi mwisho, basi. Juzi mmoja kanieleza kwamba nyuki ni mkubwa kama kiganja. Nifanyeje?
Mwalimu, Rungwe

JIBU: Mwalimu, huyo wa kiganja ameisoma picha kama alivyoiona. Hajaambiwa tu kwamba mchoro umekuzwa. Anzia hapo: wapime nyuki wa kitabuni kwa rula. Akiwa na sentimeta 15, na nyuki kibarua halisi ana kama sentimeta 1 na nusu, amekuzwa mara 10. Kila mtoto achore daftarini mstari wa milimita 15. Nyuki aliyekufa ndani ya chupa angavu atamaliza ubishi, ila asiguswe; mwiba wake bado unachoma.

Nakala 4 usizitawanye darasa zima. Watoto 15 wakizunguka kitabu kimoja, nusu yao wanaona picha kichwa chini. Gawa makundi 4, kisha kundi moja lishike vitabu vyote, watoto 3 au 4 kwa nakala, dakika 15. Wengine wachore au wapime. Kipindi cha dakika 40 kinabeba makundi 2, yaliyobaki kesho. Ukilazimisha yote, muda utaishia kwenye kuhamisha madawati.

Kwa siku, kurasa mbili zinazotazamana zinatosha. Funika maandishi kwa kipande cha karatasi, kibane kwa klipu, uulize: Unaona nini? Umejuaje? Mshale huu unatoka wapi, unakwenda wapi? Swali la pili ndilo lenye kazi, usilipite mbio. Ndipo mfunue msome. Maandishi yakiachwa wazi, anayejua kusoma anatamka jibu, wenzake wanaitikia, na picha haitazamwi tena.

Mchoro wa ndani ya mzinga utawatatiza. Wapo watakaoamini kwamba mzinga una upande mmoja wazi. Kata parachichi (Rungwe hayakosekani) kwa urefu, wachore upande uliokatwa na kuandika majina: ganda, nyama, kokwa. Halafu warudi kitabuni.

Kitabu kikiwa kimetungwa Ulaya, huenda kina ukurasa wa nyuki waliojikusanya mzingani wakati wa theluji. Usiuruke. Uliza kama huku kwetu, baridi ya Juni na Julai ikikaza, nyuki wanaonekana kwenye maua. Wakaangalie asubuhi na mchana, waandike tarehe na walichokiona. Mara nyingi somo hilo linazidi lile la kitabuni.

Faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa zake mwishoni mwa kitabu, iache hadi wazoee. Siku hiyo taja neno moja, “nta” kwa mfano, washindane kulifikia bila kupekua kitabu kizima.

SWALI: Vitabu vyetu vya rangi vimelowa, kurasa zimenatana. Tuvianike juani?
Mzazi, Iringa

JIBU: Hapana, jua litazikunja kurasa. Karatasi inayong'aa ikikauka huku imenatana, ukiivuta inang'oka na rangi. Zitenganishe taratibu zikiwa bado na unyevu, weka karatasi nyeupe kavu katikati, na uibadilishe kila inapolowa. Vikaukie kivulini penye upepo, kisha vilale siku kadhaa chini ya kitu kizito. Palipochanika tumia gundi nyeupe kidogo na kipande chembamba cha karatasi. Selotepu hugeuka njano na kuacha ulimbo.