Bibi hataki tena kunieleza habari za ukoo wetu

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Tanga mjini. Tangu mwaka jana natafuta nasaba yetu. Nilikwenda Pangani kwa bibi yangu, mdogo wake bibi mzaa baba, ana miaka 86, nikamrekodi kwenye simu. Akanieleza kwamba bibi yake mzaa mama aliletwa Pangani akiwa mtoto, katokea upande wa Nyasa, akauzwa kwenye shamba la miwa. Niliona ni habari kubwa, nikairusha ile sauti kwenye grupu la familia, tuko watu 94. Wengine walinishukuru, wengine wakaanza maneno. Mjomba mmoja akaandika, "Kumbe ndiyo maana." Sasa nikimpigia bibi ananijibu, "Mjukuu wangu, sina la kukwambia, nimesahau." Na binamu yangu aliyeko Muscat kila siku ananiandikia, "Nitumie vyote ulivyonavyo," hata salamu hakuna. Nifanyeje? – Mjukuu, Tanga.*

Marahaba, mwanangu.

Bibi hajasahau kitu. Mtu anayekumbuka bibi yake alitokea wapi na aliuzwa shamba gani hawezi kusahau kwa mwezi mmoja. Alikupa amana ukaipigia mbiu, na sasa anailinda iliyobaki.

Najua hukukusudia. Kwako wewe ile ni historia, tena ya kujivunia, maana huyo mtoto aliishi, akazaa, na leo wewe upo. Lakini jaribu kuisikia kwa masikio yake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 na kusafirisha watu baharini kukapigwa marufuku, ndipo misafara ikaanza kutembezwa kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini hadi Pangani. Sultani Barghash akaipiga marufuku nayo mwaka 1876, ila haikukoma siku ile. Mashamba ya miwa kando ya mto Pangani yalitaka mikono. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka 1922, miaka isiyofika 20 kabla bibi yako hajazaliwa. Basi bibi yako amekua katika mji mdogo ambapo watu walijuana nani mwenyeji na nani mzalia, yaani mtoto wa watumwa aliyezaliwa palepale pwani, na neno hilo "mzalia" lilitosha kuvunja posa. Huenda amelisikia akiwa kisimani. Akakaa nalo miaka yote hiyo, akakuchagua wewe akuambie, halafu akasikia kwamba watu 94 wanaisikiliza sauti yake na mmoja wao amejibu, "Kumbe ndiyo maana."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe uliteka maji ukayamwaga barazani.

Kwa hiyo anza na lile grupu, leo hii. Ifute ile sauti, na kama muda wa kuifuta umepita, mwombe msimamizi aiondoe. Halafu andika maneno machache: kwamba uliirusha bila idhini ya bibi, kwamba kosa ni lako, na unamwomba kila aliyeihifadhi aifute. Usijitetee wala usiandike darsa la historia. Huyo mjomba usimjibu mbele ya watu. Mtafute mkubwa wake, au baba yako, azungumze naye pembeni.

Kisha nenda Pangani mwenyewe. Radhi ya mtu mzima haiombwi kwa simu, na kijana haendi peke yake. Fuatana na baba yako au shangazi yako wa damu. Mkono mtupu haulambwi, lakini siku hiyo usimpe pesa, ataona unanunua ulimi wake. Mchukulie kilo mbili za sukari, majani ya chai na doti ya kanga, na hiyo kanga soma jina lake kabla hujainunua, maana yeye atalisoma. Mwambie, "Bibi, nilichukua maneno yako nikayapeleka usikoniruhusu. Nimekosa." Hapo nyamaza. Akilia, mwache alie. Akikusema, pokea.

Na mimi nina deni la namna hii. Mama yangu mdogo alikuwa na picha moja ya studio ya mwaka 1958, yenye kingo za meno meno, wasichana watatu wamesimama mbele ya pazia lenye minazi, na nyuma majina yao yameandikwa kwa penseli. Nilimwomba nikaisafishe, nikamwahidi kuirudisha wiki ileile. Ilikaa kwangu miaka miwili ndani ya kitabu. Kila nilipokwenda alikuwa akiniuliza kwa upole, "Na wale wenzangu hawajambo?" Alifariki picha ikiwa kwangu. Bado ninayo, na sijui nimrudishie nani. Basi bibi akikufungulia sanduku, chochote atakachokutolea kipige picha palepale juu ya mkeka, karibu na dirisha, karatasi irudi sandukuni mbele ya macho yake. Tena safisha nakala nzuri umpelekee, iwe yake.

Sanduku silitaji bure. Serikali ya Wajerumani ilikuwa ikitoa hati za uhuru kwa waliokombolewa au waliojikomboa, na kuna familia zilizozitunza. Sheria yao pia ilisema mtoto wa mtumwa aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 ni huru. Ndiyo maana swali dogo tu, kwamba mama yake bibi alizaliwa kabla au baada ya mwaka huo, lina uzito mkubwa. Lakini litasubiri. Usilipeleke siku ya radhi.

Huyo binamu wa Muscat nisingemkasirikia sana. Wapo waliokwenda Omani baada ya Mapinduzi ya 1964, wapo waliofuata kazi baadaye, na mtoto aliyezaliwa kule mara nyingi hana kaburi la babu la kuzuru wala mzee wa kukaa naye kibarazani. Ana kiu, na kiu imemsahaulisha adabu. Mwandikie kwa salamu kamili, naye atajifunza. Muulize yeye ana nini: barua za zamani, pasipoti ya babu, majina aliyoyasikia kwa mama yake. Mwombe alete swali moja moja, lenye jina na mahali. Unapompa jibu, mwambie umelipata wapi, hili nimeambiwa na fulani, hili nimeliona kwenye daftari, hili nakisia tu, maana makisio yakivuka bahari hufika yakiwa hakika. Mpe majina ya marehemu. Tarehe za kuzaliwa za watu walio hai, namba zao na ndoa zao zilizovunjika si mali yako kugawa. Habari ya bibi usimpe hata kwa siri. Akiitaka, ampigie bibi mwenyewe, amwamkie, asubiri.

Kuna jambo anaweza kukusaidia. Mafaili ya Kijerumani yaliyoko Nyaraka za Taifa Dar es Salaam yameandikwa kwa mwandiko ambao hata Mjerumani wa leo huusoma kwa taabu, na mwenye kuusoma anafaa alipwe. Achangie hapo. Nawe ukimwandikia mtunza nyaraka, kadhi au padri mwenye vitabu vya ubatizo, usiseme "nitafutieni ukoo wangu." Mtajie jina moja, kijiji, miaka unayoikisia na pale ulipokwisha kutafuta, ulizia gharama ya nakala, na akikujibu kwamba hakuna kitu, mshukuru vilevile, kwa sababu ametumia siku yake kwa ajili yako.

Turudi kwa bibi. Safari ya pili usiulize chochote. Mpelekee maji, mchambulie mchele, msikilize akisema habari za magoti yake na bei ya samaki. Huenda ikawa safari ya tatu au ya nne ndipo aseme, "Enhe, wajua yule bibi yangu…" Hapo usiruke kwenye simu. Mwache amalize, kisha muulize kama anaridhia umrekodi, nani anaruhusiwa kuisikia, na baada yake iwe kwa nani. Andika anavyojibu, umsomee. Akikwambia zima, izime, uilaze kifudifudi kwenye mkeka, pale anapoiona.