Vanila ya stauti ya pipa inatoka kwenye mbao

Ndugu, ukidhani vanila unayoisikia kwenye stauti (bia nyeusi nzito) iliyolazwa kwenye pipa la wiski imetiwa, hapana, si lazima. Ni ya mbao. Sheria ya Marekani inataka bourbon, wiski ya huko, ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, kwa hiyo pipa likishatumika mara moja linauzwa, na watengeneza bia wanalinunua. Moto ule ukiunguza mwaloni huzaa vanilini, kemikali ile ile inayoipa vanila harufu yake. Bia ikilala humo miezi kadhaa inaifyonza, pamoja na wiski iliyobaki kwenye mbao. Kahawa na chokoleti hazitoki kwenye pipa, hizo ni za shayiri iliyokaangwa. Ila wapo wanaoongeza vanila kweli, soma lebo.

Nahudumu kaunta hapa Raskazone, na kinachoniuma ni kuona mtu anainywa bia hii ikitoka tu kwenye friji. Baridi inaua harufu! Kwa joto letu la Tanga iache mezani dakika 20, kisha uonje tena. Na mgawane, mara nyingi kilevi chake ni asilimia 10 au zaidi.